Saa janja juu ya baiskeli ya gym: jinsi ya kujua inasema kweli kiasi gani

Ukipanda baiskeli ya gym na saa janja mkononi, ukishuka utakuta imekuandikia mambo matatu: mapigo ya moyo, kalori ulizochoma na hatua ulizotembea. Mapigo unaweza kuyaamini, ila saa inataka kusaidiwa. Kalori zisome tu, usizipangie chakula. Hatua achana nazo kabisa: saa huhesabu hatua kwa kuhisi mkono unavyobembea, na juu ya baiskeli mkono umetulia kwenye usukani. Unaweza kukanyaga nusu saa hadi tisheti ikalowa, ukakuta hatua kumi na mbili. Saa haijaharibika.

Wengi hudhani baiskeli ndiyo inayoichanganya saa kuliko mazoezi mengine. Sivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya vifaa saba vya mkononi walivyowavisha watu 60 wakitembea, wakikimbia na wakiendesha baiskeli ya kukaa sehemu moja. Kwenye baiskeli ndiko makosa ya mapigo yalikuwa madogo kuliko kote, takriban 1.8%, wakati kwenye kutembea yalikuwa 5.5%. Kwenye kalori hali ilikuwa nyingine kabisa: kifaa kilichokaribia ukweli kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa 27%, na cha mwisho 93%.

Kwa hiyo baiskeli ni mahali pazuri pa kuipimia saa yako. Shida ni kwamba huku kwetu nyanda za juu kusini mwa Tanzania kuna baridi, mwinuko, na mafuta ya mgando tunayojipaka mikono isipauke, na yote matatu yanaigusa saa.

Saa inaona nini

Igeuze. Mgongoni utaona taa ndogo za kijani na kioo cheusi katikati au pembeni yake. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa midogo chini ya ngozi, mwanga unaorudi unapungua, kisha unaongezeka tena. Saa inahesabu huko kupungua na kuongezeka. Haisikii moyo wala haipimi umeme wake. Inatazama damu ikipita.

Kwa hiyo kitu chochote kinachopunguza damu kwenye kifundo cha mkono, au kinachoitikisa saa juu ya ngozi, au kinachoingiza mwanga wa nje, kinaharibu hesabu. Mtikisiko una kituko chake. Mtu anasimama juu ya pedali, mwili unayumba kushoto kulia, na saa iliyolegea inayumba naye. Inaona mwendo wenye mpangilio mzuri na kuudhania mapigo. Hapo ndipo unasikia, "Kocha, moyo wangu una shida? Nakanyaga nakata roho, saa inasema 84!" Ukitupa jicho kwenye skrini ya baiskeli, mizunguko ya pedali kwa dakika nayo ni 84. Ukikuta namba hizo mbili zinafuatana, ukiongeza kasi na saa inaongeza vilevile, jua saa inahesabu miguu.

Swali la ngozi nyeusi linaulizwa sana, na ni swali halali, kwa sababu melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, nayo hunyonya mwanga wa kijani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha mwaka 2020 utafiti wa watu 53 wenye rangi mbalimbali za ngozi. Hawakukuta tofauti ya maana kati ya rangi moja na nyingine. Walichokuta ni tofauti kati ya kifaa na kifaa, na kwamba makosa wakati wa shughuli yalikuwa makubwa kwa wastani wa 30% kuliko wakati wa kupumzika. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ngozi yako ndiyo tatizo kabla hujaipima saa yenyewe. Tatuu ni habari nyingine: wino ukiwa chini ya saa unaweza kuzuia mwanga, hamishia saa mkono wa pili.

Hatua ya 1: Rekebisha taarifa zako kwenye programu

Fungua programu ya saa kwenye simu uangalie umri, uzito, urefu na jinsia. Saa nyingi mtaani zimepita mikono miwili mitatu, au mtu kaletewa zawadi na ndugu yake akaisajili haraka haraka akaacha uzito uliokuja na programu. Mapigo hayategemei taarifa hizo. Kalori zinazitegemea, na kanda za mazoezi, yaani vile viwango vya mapigo ambavyo saa huvipa rangi, zinategemea umri.

Kisha, kabla ya kukanyaga, chagua zoezi la baiskeli ya ndani. Hili watu hulipuuza. Usipochagua zoezi, saa nyingi hupima mapigo mara moja moja tu ili kutunza chaji, na muhtasari utakaouona jioni utakuwa wa kuungaunga. Ukichagua baiskeli ya barabarani, itahangaika kutafuta setilaiti ukiwa chini ya bati. Saa isiyo na baiskeli ya ndani, tumia zoezi lolote la jumla linalopima mapigo muda wote.

Hatua ya 2: Andaa mkono

Futa mgongo wa saa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukaushe. Kisha futa mkono. Miezi ya Juni na Julai, mtu wa Mbeya au Njombe hatoki nyumbani bila mafuta, na ni sawa, upepo wa huku unakausha ngozi hadi inapasuka. Lakini utando wa mafuta chini ya saa unaifanya iteleze na unauchafua mwanga. Jipake kwingine, pale inapokaa saa acha pakavu.

Saa isikae juu ya mfupa uliotokeza kwenye kifundo. Ipandishe kuelekea kwenye kiwiko, upana wa kidole kimoja au viwili kutoka kwenye mfupa huo, palipo na nyama. Kaza kiasi kwamba ukiisukuma, ngozi inakwenda nayo. Ikiacha alama ya kina umezidisha, na ukikaza kupita kiasi unaifinya mishipa ileile unayotaka ionekane. Ukimaliza mazoezi ilegeze.

Halafu mikono yenyewe. Mtu akichoka huukamata usukani kama bomba la daladala, kifundo kimekunjwa na vidole vimekakamaa. Misuli ikikaza namna hiyo damu inapungua kwenye kifundo na saa inapoteza dira. Weka viganja juu ya usukani, kifundo kinyooke, vidole vilegee. Ukigundua unauegemea usukani kwa uzito wote, huenda usukani uko chini mno au uko mbali. Urekebishe.

Hatua ya 3: Pasha mwili joto kwanza

Kwenye baridi mwili unabana mishipa ya mikono na miguu ili joto libaki kifuani na tumboni. Ndiyo maana vidole vinakufa ganzi asubuhi. Saa ikitazama mkono wa namna hiyo inakuta damu kidogo sana. Uyole saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, au Makete siku yoyote ya ukungu, dakika za mwanzo zitakuwa na namba za ajabu hata kwa saa ya bei kubwa: 60, halafu 140, halafu vistari viwili.

Usiivue. Vaa sweta la mikono mirefu, mkono wa sweta ufunike saa, na ukanyage polepole bila ugumu hadi upate kijasho. Kwa siku ya baridi dakika kumi zinatosha kwa watu wengi. Vidole vikiwa na joto, kifundo nacho kimeshapata. Angalia tu mkono wa sweta usiingie kati ya saa na ngozi. Chochote kilichorekodiwa kabla ya hapo usikihesabu kwenye kipimo.

Hatua ya 4: Ipime kwa vidole vyako

Hapa ndipo penye kazi, na hapahitaji kifaa. Uzuri wa baiskeli ya gym ni kwamba haianguki: unaweza kukanyaga huku mkono mmoja uko shingoni. Ukiwa unakimbia jambo hilo haliwezekani, ikabidi usimame, na ukishasimama mapigo nayo yanashuka upesi.

Mkono wenye saa uache juu ya usukani, umelegea. Kwa mkono wa pili tafuta mapigo shingoni, pembeni ya koromeo, kwa ncha za vidole viwili. Upande mmoja tu, na usikandamize. Simu iweke mbele yako ikiwa na saa ya kuhesabu sekunde. Mwenzako akiwepo, yeye ashike simu na kuandika.

Pima mara tatu kwa viwango vitatu. Kwanza umekaa juu ya baiskeli hukanyagi. Pili unakanyaga mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Tatu unakanyaga mwendo ambao unapata maneno matatu au manne kisha unavuta pumzi. Kila kiwango kaa nacho dakika nne hadi tano bila kubadilisha ugumu wala kasi, ndipo upime, kwa sababu moyo wenyewe unahitaji muda kutulia kwenye kiwango kipya.

Kupima kwenyewe ni hivi. Soma namba ya saa, iandike. Anza kuhesabu mapigo kwa sekunde 15. Pigo linaloanzisha muda liite sifuri, si moja, la sivyo kila mara utazidisha. Sekunde 15 zikiisha soma tena namba ya saa. Zidisha mapigo uliyohesabu kwa nne, ulinganishe na wastani wa zile namba mbili za saa. Tuseme saa ilikuwa 128 ikaishia 132, wastani 130, na wewe umehesabu mapigo 32. Mara nne ni 128. Hapo saa ni nzima.

Ukiruka pigo moja umeshakosea mapigo manne kwa dakika, kwa hiyo tofauti ya mapigo matano usiigombanie. Inawezekana ni vidole vyako. Tofauti ikipita kumi, rudia baada ya nusu dakika. Ikiendelea kupita kumi mara tatu, upande uleule, kuna tatizo. Sogeza saa juu zaidi, kaza tundu moja, pima tena. Kama bado, hamia mkono wa pili. Saa ikishindwa mikono yote miwili, mwili ukiwa na joto na mkono ukiwa mkavu, basi ni saa.

Baiskeli nyingine zina vibati vya chuma kwenye usukani vya kupimia mapigo. Hivyo vinapima umeme wa moyo kupitia viganja, na vinavurugika mara misuli ya mikono inapofanya kazi. Vishike umetulia kwa kulinganisha tu, usivifanye hakimu.

Hatua ya 5: Ipime kwenye kupanda na kushuka

Saa nyingi zinafaulu mtihani wa mwendo mmoja. Zinafeli pale unapokanyaga kwa nguvu dakika moja, unapumzika dakika moja, unarudia. Saa inachukua wastani wa sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha namba, na moyo nao haupandi papo hapo. Machelewesho hayo mawili yakijumlishwa, utakuta namba ya juu kabisa imetokea wakati wewe umeshaanza kupumzika.

Fanya mizunguko mitano ya namna hiyo kisha fungua grafu kwenye simu. Ukiona milima mitano iliyo wazi, hata kama imechelewa, saa inakufaa. Ukiona kilima kimoja kipana kilicholala, saa yako inafaa kwa mwendo wa kawaida tu, na kwenye mazoezi ya vipindi ongozwa na pumzi zako.

Anayefanya mazoezi ya vipindi kwa dhati anunue mkanda wa kifuani. Mkanda unasoma umeme wa moyo moja kwa moja, teknolojia ambayo kampuni ya Polar ya Finland iliingiza sokoni bila waya mwaka 1982, na mpaka leo ndicho kipimo ambacho saa za mkononi hulinganishwa nacho. Zile sehemu za mpira zinazogusa ngozi zilowanishe maji kabla ya kuuvaa. Kwa hewa kavu ya huku, ukiuvaa mkavu utaandika upuuzi mpaka utakapotoka jasho.

Hatua ya 6: Kalori zihesabu upya

Saa haioni kalori. Inachukua mapigo, uzito, umri na jinsia, inaingiza kwenye fomula ya kampuni yake, inakutolea jibu. Kahawa, hasira, homa na kukosa usingizi vyote vinapandisha mapigo bila kuongeza kazi ya miguu, na fomula haijui. Skrini ya baiskeli nayo inakisia. Nyingi hazikuulizi hata uzito.

Kama baiskeli inaonyesha wati, yaani kipimo cha nguvu unayokanyagia, una njia bora zaidi. Zidisha wastani wa wati kwa idadi ya dakika ulizokanyaga, kisha kwa 0.06. Wati 100 kwa dakika 30 zinatoa kilojuli 180 za kazi iliyofika kwenye pedali. Kalori moja ya chakula ni kilojuli 4.184, lakini mwili unageuza takriban robo tu au chini kidogo ya nishati yake kuwa kazi, kinachobaki ni joto. Kugawanya kwa 4.184 na kuzidisha kwa karibu nne kunakaribia kufutana, kwa hiyo namba ya kilojuli unaweza kuisoma moja kwa moja kama kalori: kama 180 hivi, labda 200. Saa ikikuambia 320 kwa kipindi hichohicho, umeshajua ya kuamini. Njia hii nayo inategemea wati za baiskeli ziwe sahihi, na baiskeli za gym zilizochoka mara nyingi haziko sahihi, ila angalau inaanzia kwenye kazi iliyofanyika.

Baiskeli isiyo na wati, chagua namba moja, ya saa au ya skrini, ubaki nayo. Ilinganishe na yenyewe ya wiki iliyopita. Usichanganye, na usiitumie kuhalalisha sahani. Nimeona mtu akishuka kwenye baiskeli, anasoma 500, anavuka barabara hapo Mwanjelwa kwenda kula chipsi mayai na parachichi zima kwa sababu "nimeshazilipia". Parachichi la Rungwe ni zuri, ulile, lakini ulile kwa njaa yako.

Hatua ya 7: Zingatia mwinuko kabla ya kuilaumu saa

Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Mgeni aliyeshuka jana kwenye basi atakanyaga ugumu uleule aliouzoea kwao na mapigo yatakuwa juu. Saa iko sahihi. Moyo wake ndio unafanya kazi ya ziada kufidia oksijeni. Aupe mwili siku kadhaa. Mtu wa Kyela akipanda Mbeya ataona vilevile kwa kiasi chake, kwa sababu Kyela iko chini karibu na Ziwa Nyasa. Kipimo cha oksijeni cha saa nacho kinaweza kusoma chini kidogo huku juu, na ukiwa unakanyaga usikitazame kabisa.

Zile kanda za rangi, kijani, njano, nyekundu, zimejengwa juu ya makadirio ya mapigo ya juu kabisa. Fomula ya kale ni 220 kutoa umri. Nyingine, ya mwaka 2001, ni 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Mtu wa miaka 60 anapata 160 kwa ya kwanza na 166 kwa ya pili, na mtu halisi anaweza kuwa mbali na zote mbili kwa mapigo kumi au zaidi. Saa ikikupigia kelele uko kwenye nyekundu na wewe unaongea na jirani bila taabu, rekebisha kanda.

Anayetumia dawa za presha za kundi la propranolol au atenolol asifuate kanda hizo. Dawa hizo hushusha mapigo kwa makusudi. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio naye saa itamsumbua. Wote wawili wamuulize daktari wao kiwango cha kukanyaga. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata ghafla ni ya kushuka na kwenda hospitali, hata kama saa inaonyesha namba nzuri.

Ukiwa unanunua

Kuna mtihani maarufu wa kuivalisha saa ndizi. Ikionyesha mapigo, watu wanacheka na kusema feki. Mtihani huo hauthibitishi kitu, kwa sababu hata saa nzuri inaweza kuokota mpangilio fulani kwenye mwanga unaorudi na kuuonyesha kama namba. Mwombe muuzaji uivae, kaa dakika mbili, hesabu mapigo yako kwa vidole, kisha panda na kushuka ngazi za jengo lililo karibu na uone kama namba inapanda na baadaye inashuka. Inayoganda 72 mwanzo mwisho, mrudishie. Inayodai kupima sukari kwenye damu bila kutoboa ngozi, mrudishie haraka zaidi: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwezi Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa namna hiyo.

Matokeo ya hatua ya nne yaandike kwenye daftari au kwenye simu pamoja na tarehe, tundu la mkanda ulilotumia na mkono uliovaa. Rudia kipimo kila programu ya saa inapojisasisha, ukibadilisha mkanda, na baridi inapoanza mwezi wa tano.